Rangi ya Atelaji Si Mapambo

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa kambi mnaosomewa ukurasa huu na watoto wenu,

Mwezi huu tutasema juu ya rangi. Si rangi ya nyumba wala ya kitambaa, ila ile inayopakwa juu ya atelaji, ile chuma kubwa inayofunga vago moja na ingine. (Ndugu zetu wa Tanzania wanasema mabehewa, sisi hapa tumezoea vago.) Najua wengine watauliza: huyu wa dispanseri ana kazi gani na rangi ya vago? Atupe dawa ya malaria, atuambie kuchemsha maji, mambo ya treni awaachie watu wa treni. Nawajibu kwamba mkono uliobanwa katikati ya vago mbili haupelekwi kwa mtu wa treni. Unaletwa kwangu, umezungushiwa koti la kazi, na mara ingine vidole vinakuja nyuma yake ndani ya kofia.

Kwa wale ambao hawajasimama karibu nayo, atelaji ya njia zetu ni ya kujifunga yenyewe. Ina kichwa kama ngumi iliyofunguliwa nusu, na ndani ya kichwa kuna taya moja linalozunguka juu ya pini yake. Vago mbili zikisukumwa taratibu, na taya moja likiwa wazi, mataya yanashikana kama mtu anayekunja vidole vyake ndani ya vidole vya mwenzake. Kisha chuma cha kufungia kinaanguka mahali pake na taya haliwezi tena kufunguka. Kwa kuziachanisha, mfunga vago anasimama kando na kuinua mkono mrefu wa chuma ulio pembeni ya vago. Mtu aliyebuni atelaji ya namna hii ni Eli Janney wa Marekani, mwaka wa 1873. Kabla yake vago zilifungwa kwa pete na pini: mtu alisimama katikati, akaishika pete kwa mkono wake huku vago ingine inakuja. Vidole vilipotea kwa wingi, na watu wakafa, hata serikali ya Marekani ikatunga sheria mwaka wa 1893 kulazimisha makampani ya reli kuweka atelaji zinazojifunga bila mtu kuingia katikati.

Kwa hiyo shabaha yote ya chuma hii ilikuwa kuutoa mkono wa mtu katikati. Lakini mkono bado unarudi. Unarudi kwa sababu kichwa cha atelaji kimelala upande, hasa kwenye kona, na mtu anataka kukinyosha kwa mguu ao kwa bega wakati vago inakaribia. Unarudi kwa sababu taya limekwama kwa kutu na vumbi. Unarudi juu ya mipira ya breki, ambayo lazima mtu aiunge kwa mikono yake mwenyewe. Na kwa sababu mkono unarudi, watu wa reli wakaanza kuandika kwa rangi.

Rangi hiyo inasema mambo machache. Jambo moja ni: shika hapa. Mkono wa kufungulia na vishikio vya pembeni vinapakwa rangi ya njano ao nyeupe ili mtu wa zamu ya usiku asipapase chuma akitafuta fasi ya kushika. Jambo lingine: hii imelegea. Fundi akiisha kukaza nati anavuta mstari mwembamba kutoka juu ya nati mpaka kwenye chuma iliyo chini yake. Kesho ukikuta mstari umekatika, nusu huku, nusu kule, ujue nati imezunguka, hata kama kwa macho unaiona imekaa vizuri. Madereva wa malori makubwa ya shimoni wanaujua mstari huo kwa nati za magurudumu yao. Kisha kuna lile neno zito kuliko yote: usinitumie, nina ubovu, nangojea fundi.

Kuna na alama za kazi maalumu. Huko Marekani, kwenye treni za makaa ya mawe, kuna vago ambazo atelaji yake ya upande mmoja inaweza kuzunguka, ili vago ipinduliwe na kumwagwa ndani ya mashini kubwa bila kuifungua kutoka kwa zenzake. Upande ule wenye atelaji ya kuzunguka wanaupaka rangi tofauti, ili mpangaji wa treni aone kwa mbali kama vago zote zimeelekea upande mmoja. Vago moja ikiwekwa kinyume, atelaji mbili zisizozunguka zinakutana mbele ya mashini ile, na hapo chuma inapindika. Rangi ya mtu mmoja mwenye burashi inazuia hasara na hatari hiyo. Huo ndio utumishi mzuri wa rangi: neno moja, mahali pamoja, kwa mtu anayejua kulisoma.

Sasa nifike kwa shauri langu lenyewe, na najua halitawapendeza mashefu wote. Mimi nasema rangi juu ya atelaji zetu imekuwa nyingi mno, na ile inayohitajika imekuwa kidogo.

Angalieni namna inavyokuwa. Wageni wakitangazwa, makopo yanafunguliwa. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, mapipa yanapakwa, na kisha mtu anatumwa na burashi pana kupaka atelaji kutoka kichwa mpaka mkia, taya pamoja na pini pamoja na grisi iliyokauka. Nimeona kazi ya namna hii mahali pamoja nilipofanya kazi kabla ya kuja hapa. Atelaji zote ziling'aa kama viatu vya Jumapili, na picha zilitoka nzuri sana. Siku chache nyuma yake taya moja lilikatika wakati wa kuvuta. Ulipoangalia ndani ya ile chuma iliyokatika uliona sehemu mbili: moja nyeusi yenye kutu, huo ulikuwa ufa wa zamani, na ingine nyeupe inayong'aa, iliyokatika siku ile ile. Rangi mpya ilikuwa imeingia mpaka kwenye mdomo wa ufa. Mfunga vago mmoja, aliyekuwa mbali kidogo na amefuata sheria zote, alipigwa usoni na mpira wa breki uliochomoka na hewa yake. Tulimtibu, akarudi nyumbani kwa bibi na watoto wake, lakini kwa jicho moja haoni tena.

Chuma haivunjiki bila kutoa habari. Karibu kila mara inaanza na ufa mdogo kama unywele, kwenye kona ya taya ao karibu na tundu la pini, na ufa ule unakwenda polepole kila treni inapoondoka na kila inaposimama. Kwenye chuma isiyopakwa, ufa unajionyesha: kutu inatoka ndani yake na kuchora mstari wa rangi ya udongo. Mtazamaji mwenye taa na kitambaa anauona. Ukipaka rangi nzito juu yake, umeufunga mdomo wake. Hata mafundi wa karakana wanaotafuta ufa kwa maji mekundu wanalazimika kwanza kuondoa rangi yote. Wanapaka yale maji, yanaingia ndani ya ufa, wanapangusa, kisha wanaweka unga mweupe, na pale palipo na ufa unga unapata mstari mwekundu kama damu ndani ya bandeji. Juu ya rangi kazi hiyo haiwezekani.

Mtaniambia: bila rangi kutu itaila. Wandugu, kichwa cha atelaji ni chuma nene mno. Kutu ya juu juu haitaimaliza mbele ya ufa kuimaliza. Wamarekani, ambao wana vago nyingi kuliko sisi, wana kawaida ya kuacha kichwa na taya bila rangi ya kufunika, na si kwa sababu wamekosa pesa za rangi. Basi shauri langu ni hili: mkono wa kufungulia na vishikio vipakwe, tena vipakwe upya kila mara vinapofifia, bila kungojea wageni. Nati zipate mstari wao. Kichwa, taya na pini viachwe uchi, visuguliwe kwa burashi ya waya, na macho ya mtu yapite juu yake.

Jambo la pili ni nani mwenye alama. Wengi wenu mnaijua kazi ya kadenasi kwenye mashini za shimoni na za uzini: mtu akitaka kuingia ndani ya mashini anazima umeme, anaweka kadenasi yake, anaweka ufunguo mfukoni mwake, na hakuna shefu wala mkubwa wa mashefu anayeweza kuifungua badala yake. Reli za Marekani zina desturi ya namna ile ile kwa bendera ya buluu na taa ya buluu. Ikiwekwa kwenye treni, maana yake ni kwamba kuna watu chini ao katikati ya vago. Vago haisogezwi, na bendera haiondolewi ila na watu wa ekipe iliyoiweka. Alama ya rangi ya ubovu juu ya atelaji ingestahili heshima ile ile. Lakini nimesikia watu wakisema, hii alama ni ya tangu mwezi uliopita, ifute twende. Alama ya zamani inaweza kuwa ubovu wa zamani ambao bado uko pale pale. Kuuliza kunachukua dakika tano. Ekipe inayotafuta vago ishirini kabla ya saa sita inaona dakika tano ni nyingi, na mimi nawaelewa, lakini mguu uliosagwa unachukua miezi, na mara ingine hauchukui kitu kwa sababu haupo tena.

Tena kumbukeni kwamba vago zinazofika kwenye njia zetu hazikuzaliwa zote fasi moja. Reli ilitoka Sakania ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na ikafunguliwa kupita Dilolo hadi Lobito mwaka wa 1931. Upana wake ni milimita 1.067, sawa na njia ya Zambia, ya Angola, ya Afrika Kusini, na ile ya Tazara inayoshuka Dar es Salaam. Ndiyo sababu vago ya mbali inaweza kusimama kwenye gare yetu bila shida. Mwisho wa mwaka wa 2023 mzigo wa shaba ya upande wa Kolwezi ulianza tena kushuka Lobito kwa reli, na kwa kadiri njia ile inavyoamka, vago za wageni zitazidi. Kila kampani inaandika kwa rangi yake. Utepe mweupe unaomaanisha kwako kwamba fundi ameisha kutazama, kwa fundi wa inchi ingine unaweza kuwa na maana tofauti kabisa, ao kuwa rangi iliyomwagika tu. Rangi usiyoijua usiitafsiri kichwani mwako. Ihesabu kuwa haikusema kitu, na umwite mtazamaji.

Hapa nitasema kama mtu wa dispanseri, kwa sababu jambo la macho ni kazi yangu hasa. Kuna wanaume ambao wamezaliwa bila kutofautisha nyekundu na kijani. Wanaona vizuri, wanasoma gazeti, wanalenga mpira, na wengi wao hawajui hata kidogo kwamba wanachokiona si kile anachokiona jirani. Wanawake wenye hali hiyo ni wachache zaidi. Huko Sweden, mwaka wa 1875, treni mbili ziligongana karibu na Lagerlunda, na mganga Holmgren akafikiri kwamba pengine mtu mmoja alikosea rangi ya taa. Akatengeneza kipimo chepesi cha nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, mtu anaambiwa azichague na kuzipanga, na kutoka hapo reli za inchi nyingi zikaanza kupima macho ya watu wao. Kama alama yenu ya ubovu ni doa jekundu na alama ya uzima ni doa la kijani, mtu wa namna hii anaona madoa mawili yanayofanana. Kwa hiyo alama isiwe rangi peke yake. Iwe na umbo: msalaba kwa kitu kibovu, duara kwa kilichotazamwa. Msalaba ni msalaba hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Hata sisi wenye macho kamili usiku tunadanganywa. Zile taa za rangi ya chungwa za sodiumu, zilizo bado kwenye njia nyingi, zinakula rangi: nyekundu inakuwa kama kahawia, buluu inakuwa nyeusi, njano na nyeupe zinafanana. Na wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, vumbi letu jekundu linafunika kila kitu, hata njano iliyopakwa jana. Alama isiyopanguswa haipo. Kitambaa kidogo mfukoni kina faida kuliko kopo la pili la rangi.

Na tusikosee: rangi haisimamishi vago. Mkono wa njano unakuonyesha fasi ya kushika, haukuambii kwamba mashinisti amekuona. Kabla ya kuingia katikati, treni isimame kabisa, shefu wa manevra na mashinisti wapatane kwa sauti ao kwa ishara, na vago ifungwe breki ao iwekewe kabari. Atelaji iliyolala upande inanyoshwa vago zikiwa zimesimama mbali, si zikikaribiana. Vago zikiisha kufungana, ivutwe kidogo kuhakikisha kwamba chuma cha kufungia kimeanguka. Na pale njia ina waya wa umeme juu, hakuna mtu anayepanda juu ya vago kwa sababu yoyote, hata kusoma alama: waya ule hauhitaji kuguswa ili uue.

Kama balaa imefika, bonyezeni damu kwa kitambaa safi na msiache kubonyeza. Kidole kilichokatika kifungwe ndani ya kitambaa kibichi, kisha ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya barafu kama ipo. Kisiguse barafu chenyewe, na kisitiwe ndani ya mafuta ao maji ya chumvi ya nyumbani. Mtu aliyebanwa katikati ya atelaji msiachanishe vago kwa haraka mbele ya sisi kufika: mara nyingi chuma ile ile inayomuua ndiyo inazuia damu yake.

Neno la mwisho ni kwa wamama. Makopo ya rangi yanapendwa kambini. Yana mkono, yana mfuniko, yanabeba maji, yanapima unga na maharagi. Rangi nyingi za zamani za kuzuia kutu, hasa ile nyekundu ya minyumu, zimetengenezwa kwa risasi, ile madini ya plombo, na bado makopo yake yanakutwa ndani ya depo. Risasi haitoki kwa kuosha kopo kwa mchanga. Inaingia mwilini kidogo kidogo: tumbo linauma, choo kinafunga, damu inapungua, kichwa kinagonga, na mtoto anachelewa kujifunza hata watu wanasema ni mvivu. Mama mwenye mimba anaweza kupoteza mimba. Tangu mwaka wa 1921 Shirika la Kimataifa la Kazi, kule Geneva, lilitoa mapatano yanayokataza kuwaweka wanawake na vijana wa chini ya miaka 18 kwenye kazi ya kiwanda ya kupaka rangi nyeupe ya risasi. Tusilete nyumbani kitu kilichoondolewa kwao kazini. Na wababa wanaosugua rangi ya zamani kwa burashi ya waya wafunike pua na mdomo, waloweshe kwanza, wasioshe mikono kwa petroli, na nguo zile zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Makopo tupu yatobolewe chini kabla hayajatoka depo. Nimeisha kumwomba mkubwa wa depo, naye amekubali. Na wafunga vago wote, pamoja na mashinisti na washika burashi, waje dispanseri tupime macho yao kwa rangi. Tunapima asubuhi kwa mwanga wa jua, si chini ya taa, kwa hiyo watu wa zamu ya usiku wapite mbele ya kwenda kulala. Hakuna sindano, na mtu anayekutwa hachagui rangi vizuri atatafutiwa kazi ingine ya mshahara ule ule. Jambo hilo nalo nimeliuliza kwa wakubwa, na jibu lilikuwa ndiyo.